Wanawake Hamsini wa Ngomeni
Historia ya Mombasa na hadithi za Wagiriki wa kale

Mtu aingiaye Ngome ya Mombasa na kupanda juu ya ukuta wake huona bahari mbele yake, na mapaa ya Mji wa Kale mkono wake wa kushoto. Wareno walianza kuijenga ngome hiyo mwaka 1593, nayo tangu mwaka 1960 ni nyumba ya makumbusho. Habari zake nyingi zimekwisha kuandikwa: majina ya makapiteni, idadi ya mizinga, siku ya kuingia merikebu na siku ya kutoka. Lakini katika habari hizo iko moja ambayo wasomaji huipita upesi, nayo ni ya wiki chache za mwaka 1697.

Mwezi wa Machi 1696 majahazi ya vita ya Imamu Seif bin Sultan wa Oman yalifika Mombasa, na ngome ikazingirwa kwa muda wa miezi 33. Watu wa pwani waliokuwa upande wa Wareno walikimbilia ndani pamoja na jamaa zao, wanawake na watoto. Baadaye yaliingia maradhi ya kuambukiza, nayo yakaua watu kupita mizinga. Mwishoni mwa Agosti 1697 kapiteni Mreno alikufa, na askari wake walikuwa wamekwisha kumtangulia. Ndani ya kuta walibaki Sheikh Daud wa Faza, watu 17 wa jamaa yake, wanaume Waafrika 8, na wanawake Waafrika 50. Hao ndio walioishika ngome zaidi ya wiki mbili, hata katikati ya Septemba msaada ulipowasili kwa njia ya bahari.

Hesabu yake ni rahisi. Tukiwahesabu jamaa wote wa Sheikh kuwa ni wanaume, wanaume walikuwa 26 na wanawake 50, yaani katika kila watu watatu waliokuwamo ngomeni wawili walikuwa wanawake. Ngome hiyo ina buruji nne, nazo zilipasa kulindwa usiku na mchana. Wanaume 26 hawawezi kukesha buruji nne, kupiga mizinga, kuteka maji, kuuguza wagonjwa na kuzika maiti, kisha wakapata na usingizi. Hapana budi wanawake wale walikuwa ndio wengi wa walinzi. Hata hivyo katika maandishi wamebaki kuwa tarakimu tu. Jina la Sheikh Daud tunalo. Jina la kapiteni aliyekufa ni António Mogo de Mello. Katika wanawake 50 hakuna hata mmoja aliyeandikwa jina lake.

Haifai kuwafanya wanawake hao kuwa mashujaa wa Wareno. Nje ya ukuta walikuwako wanawake wengine wa Mombasa ambao waume zao na ndugu zao waliwangojea Waomani kama wakombozi, nao pia hawakuulizwa neno. Wala si kweli kwamba hakuna mwanamke hata mmoja aliyetajwa katika vita hivyo. Malkia Fatuma wa Unguja alitajwa, kwa sababu aliwapelekea chakula Wareno waliozingirwa, na baada ya ngome kuanguka mwezi wa Desemba 1698 Waomani walimchukua mpaka Oman, akakaa huko miaka kadhaa kabla ya kurudishwa kwake. Malkia ana jina kwa kuwa ana nchi. Anayebeba maji na kukesha ukutani hana.

Mambo kama haya hayakutokea Mombasa peke yake. Wagiriki wa kale, ambao vitabu vya dini huwaita Wayunani, walikuwa na mji uitwao Argos. Yapata mwaka 494 kabla ya Kristo, Cleomenes mfalme wa Sparta aliwaua wanaume wa Argos kwa maelfu vitani, na mji ukabaki bila jeshi. Yasimuliwa kwamba mwanamke mmoja mshairi, jina lake Telesilla, aliwapandisha ukutani watumwa, wazee na vijana wadogo, kisha akakusanya silaha zilizosalia majumbani na katika mahekalu, akawapa wanawake wenye nguvu, akawapanga mahali adui alipotazamiwa kupita. Watu wa Sparta wakasita. Waliona kwamba kuwashinda wanawake si sifa, na kushindwa nao ni aibu kubwa, basi wakarudi nyuma.

Mwana historia Herodotus, aliyeishi karibu na zamani zile, aliandika habari za vita hivyo kwa urefu, lakini hakumtaja Telesilla kabisa. Aliyemtaja waziwazi ni Pausanias, msafiri aliyepita Argos zaidi ya miaka 600 baadaye, akaona karibu na hekalu jiwe lenye sanamu ya mwanamke: vitabu vimetupwa miguuni pake, naye ameshika kofia ya chuma anayotaka kuivaa. Wataalamu wengi hawaamini kila sehemu ya kisa hicho. Pengine kimepambwa. Lakini watu wa Argos walikuwa na sikukuu ya kila mwaka ambayo wanawake walivaa nguo za wanaume, na wanaume nguo za wanawake, na wao wenyewe walisema kwamba ni ukumbusho wa siku ile. Telesilla, basi, hakuponyoka katika usahaulifu kwa wema wa wana historia. Aliponyoka kwa kuwa alikuwa mshairi, na kwa kuwa mji wake uliendelea kucheza na kuimba habari zake.

Msomaji ataona kwamba kunyamaza huku hakukuwa kwa bahati mbaya. Katika Athens, mji mkubwa wa elimu, kunyamaziwa kulihesabiwa kuwa ndiyo heshima ya mwanamke. Mwaka 431 kabla ya Kristo vilianza vita virefu kati ya mji huo na Sparta, na katika mazishi ya askari wa kwanza jemadari Pericles aliwaambia wajane kwamba sifa yao kubwa ni kutozungumzwa na wanaume, kwa wema wala kwa ubaya. Hata katika utenzi wa Homer uitwao Odyssey, Penelope anapotoka ndani kumkataza mwimbaji wimbo unaomchoma moyo, mwanawe Telemachus, kijana asiyeota ndevu vizuri, anamwambia mamaye arudi juu kwenye kazi yake ya kufuma, maana mazungumzo ni ya wanaume. Penelope akaenda. Na huko juu, kwa kufuma mchana na kufumua usiku, aliulinda ufalme wa mumewe miaka mitatu kabla hila yake kugunduliwa.

Mtu wa Mombasa haoni taabu kuielewa nyumba ya Penelope. Katika nyumba za kiungwana za Mji wa Kale, mgeni mwanamume aliishia barazani au katika daka, na ndani kulikuwa kwa wanawake. Kumbukumbu za mji zilizungumzwa barazani: nani alitawala, nani alipigana na nani, ukoo gani ulitoka wapi. Aliyekuja na kalamu yake, awe Mwarabu, Mreno au Mwingereza, alikaa barazani akaandika ya barazani. Juu ya kichwa chake palikuwa na roshani ya mbao iliyotobolewa matundu, na nyuma ya matundu yale palikuwa na watu walioiona njia yote bila ya kuonekana. Walijua nani amepita na nani, deni gani limelipwa, ndoa ipi imevunjika na kwa nini. Mwandishi hakupanda kuwauliza, na desturi isingemruhusu.

Maandishi ya kale kabisa kuhusu pwani hii, yaliyoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 baada ya Kristo na mfanyabiashara aliyeijua bahari kutoka Misri, yana tabia hiyo hiyo. Yanataja pembe za ndovu, mitepe iliyoshonwa kwa kamba, na soko la Rhapta. Wanawake wanatajwa mara moja tu, na hata hapo kwa kuzunguka: manahodha wa Kiarabu, asema mwandishi, wanaijua pwani na lugha yake, nao huoana na wenyeji. Basi wanawake wa pwani wanaingia katika historia iliyoandikwa wakiwa wake za wageni. Kama manahodha hao waliijua lugha, bila shaka sehemu kubwa ya masomo yao waliipata nyumbani.

Hata hivyo, mwanzo wa Mombasa wenyewe umewekwa mikononi mwa mwanamke. Masimulizi ya mji yasema kwamba mtawala wa kwanza wa kisiwa alikuwa Mwana Mkisi, na mji wake uliitwa Kongowea. Neno Mwana hapa ni la heshima, kama watu wa pwani walivyozoea kumwita bibi wa kiungwana. Yeye hakuwa Mwislamu. Baada yake alikuja Shehe Mvita, Mwislamu, akaanzisha ukoo mpya wa watawala na msikiti wa mawe, na kwake mji ukapata jina la Mvita. Jamaa za Thenashara Taifa, yaani makabila kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, huihesabu asili yao kwa majina hayo mawili. Uchimbuzi uliofanywa upande wa kaskazini wa kisiwa, mahali penye hospitali kuu ya Pwani, ulifunua mabaki ya mji uliokaliwa tangu yapata mwaka 1000, pamoja na vyungu vya wenyeji na vyombo vya ng'ambo.

Wataalamu huyatazama masimulizi ya Mwana Mkisi kuwa ni kumbukumbu ya mageuzi makubwa: mji wa dini ya zamani ukawa mji wa Kiislamu. Hilo huenda ni kweli, lakini liko jambo jingine la kuangaliwa. Shehe Mvita amepewa matendo. Amekuja, amejenga, ameanzisha. Mwana Mkisi hakupewa tendo ila moja, nalo ni kutangulia. Ingekuwa rahisi kumfuta kabisa, maana alikuwa mwanamke na hakuwa Mwislamu, na waliosimulia baadaye walikuwa wanaume Waislamu. Hawakumfuta. Washairi wa Mvita, Muyaka bin Haji miongoni mwao, wameutaja mji kwa jina lake kama mtu anayetaja hati ya shamba lake. Waliomrithi walimhitaji: ukoo unaotaka kuonyesha kwamba kisiwa ni chake tangu zamani lazima uwe na mtu aliyekuwapo kabla ya wageni wote.

Kando ya kisa hicho chaweza kuwekwa kisa cha mji wa Athens, ambacho Mroma Varro alikiandika na Augustine, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, akakihifadhi. Katika zamani za mfalme Cecrops ulitokea mzeituni ghafula, na mahali pengine maji yakabubujika. Mzeituni ulikuwa ishara ya Athena, mungu wa kike, na maji ishara ya Poseidon, mungu wa bahari. Ikapasa wenyeji wachague mji uitwe kwa jina la nani. Wakati huo wanawake nao walipiga kura. Wanaume wote walimchagua Poseidon, wanawake wote wakamchagua Athena, na kwa kuwa wanawake walizidi kwa mtu mmoja, Athena akashinda. Poseidon akaghadhibika akaifunika nchi kwa maji. Ili kumpoza, wanaume waliwaadhibu wanawake kwa mambo matatu: wasipige kura tena, watoto wasiitwe kwa jina la mama, wala wanawake wenyewe wasiitwe watu wa Athens.

Hii ni hekaya, wala hakuna aliyeihesabu kura ile. Lakini hekaya husimuliwa ili kueleza jambo lililopo, na jambo lililokuwapo Athens ni kwamba mji uliitwa kwa jina la mwanamke, nao wanawake wake hawakuwa na neno katika baraza la mji. Kwa nini? Masimulizi yanajibu: walikuwa nalo, wakanyang'anywa. Ni ajabu kwamba waliotunza kisa hicho ni wanaume, na bado kisa chenyewe kinawashtaki.

Huko Ugiriki kura ile ilichukua muda mrefu kurudi. Wanawake wa nchi hiyo walipata haki kamili ya kuchagua na kuchaguliwa mwaka 1952. Na katika miaka hiyo hiyo ya 1950 jambo lilizuka Mombasa. Waarabu wa Kenya walikuwa na mjumbe wao wa kuchaguliwa katika Baraza la Kutunga Sheria, lakini wanawake wa Kiarabu hawakuwamo katika daftari ya wapiga kura. Wanawake wa Mombasa wakatia sahihi ombi la kutaka haki hiyo na kulipeleka serikalini. Ulipofika uchaguzi wa mwaka 1963, kila mtu mzima katika Kenya, mwanamume kwa mwanamke, alikuwa na kura yake.

Ombi lile halikutoka hewani. Kwa miaka mingi wanawake wa Mji wa Kale na mitaa ya karibu walikuwa na vyama vyao vya ngoma ya lelemama, kama Ibinaal Watan na Banu Saada, vyenye viongozi, vyeo, michango na mashindano makali. Mwanamke alipanda cheo kwa kufanya karamu ya kuwalisha wenzake. Waungwana waliingia, na wazao wa watumwa waliingia. Nyimbo zao zilisema kwa mafumbo yale ambayo hayakusemwa barazani: mume aliyedhulumu, jirani aliyevunja adabu, chama kingine kilichojivuna bure. Mtu aliyeimbwa hakuwa na mahali pa kujificha. Kutoka katika mazoea hayo ya kukusanyika, kuchanga fedha na kuchagua viongozi, baadhi ya wanawake waliendelea kuanzisha vyama vya elimu na maendeleo ya wanawake wa Kiislamu. Mtu aliyeidharau lelemama kuwa ni mchezo tu hakuifahamu.

Tofauti ya kusemewa na kusema mwenyewe ni kubwa. Mwezi wa Agosti 1505 Wareno chini ya Francisco de Almeida waliiteka Mombasa, wakaipora na kuichoma moto. Mfalme wa Mombasa alimwandikia mfalme wa Malindi barua ya huzuni, akamweleza kwamba adui hakumhurumia mwanamume wala mwanamke, mzee wala mtoto. Mjerumani mmoja aliyekuwamo katika merikebu za Wareno aliandika kwamba wanawake walikuwa miongoni mwa mateka. Hayo ndiyo yote. Miaka 415 kabla ya Kristo, Euripides wa Athens aliandika mchezo kuhusu wanawake wa Troy asubuhi baada ya mji wao kuanguka, wakingoja kugawanywa kwa kura miongoni mwa washindi. Katika mchezo huo wanaume hupita na kutoka. Wanaozungumza kwa urefu ni malkia aliyezeeka, mke wa shujaa aliyeuawa, na mama aliyenyang'anywa mtoto. Mombasa ya 1505 haikumpata Euripides wake. Na tena tukumbuke kwamba Euripides alikuwa mwanamume, na maneno yale yalisemwa jukwaani na wanaume waliovaa sura za bandia za wanawake.

Waliosema wenyewe ni wachache. Wagiriki walikuwa na Sappho wa kisiwa cha Lesbos, ambaye mashairi yake yalijaza vitabu kadhaa na leo yamebaki vipande vipande. Pwani ya Waswahili ilikuwa na Mwana Kupona binti Msham, mzaliwa wa Pate, mke wa Bwana Mataka wa Siyu, aliyemtungia binti yake utenzi yapata mwaka 1858, akiwa mgonjwa. Na Mombasa inacho kitabu ambacho kila mtu apendaye historia ya mji huu angefaa kukitafuta. Sarah Mirza na Margaret Strobel waliketi na wanawake watatu wa Mombasa, wakaandika maisha yao kama walivyoyasimulia wenyewe. Kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1989, na kwa Kiswahili mwaka 1991. Wanawake hao ni Kaje wa Mwenye Matano, wa ukoo wa kiungwana ambao zamani ulimiliki watumwa. Mishi wa Abdala, mzao wa watumwa. Na Shamsa Muhamad Muhashamy, aliyekuwa mmoja wa viongozi wa vyama vya wanawake vya mji.

Watatu hao waliishi katika kisiwa kimoja na katika zamani moja, nao hawakuyaona mambo kwa jicho moja. Utumwa unaosimuliwa na mtoto wa nyumba si ule unaosimuliwa na mtoto wa uani. Katika Odyssey, Penelope anarudishiwa mume na heshima yake, lakini wajakazi 12 wa nyumba hiyo hiyo wananyongwa kwa kamba moja na Telemachus, wala Homer hakuwapa nafasi ya kujitetea. Wanawake 50 waliokuwamo ngomeni mwaka 1697 nao hawakuwa wa namna moja. Bila shaka walikuwamo waliofuata waume, waliofuata mabwana, na waliojikuta ndani lango lilipofungwa.